Nimeletewa hati ya madai na mahakama. Je, nikidai mkataba wenye sahihi, siku zinasimama?

SWALI: Naishi Leicester. Nimepokea kwa posta hati ya madai kutoka mahakamani, imetolewa tarehe 5 Novemba. Kampuni iliyonunua deni langu la kadi ya benki inadai pauni 3,180. Mtu mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp anasema nisiijibu mahakama. Kwa pauni 150 ataiandikia kampuni barua ya kudai mkataba halisi wenye sahihi yangu ya wino, na wasipouleta kesi inakufa yenyewe. Nimfuate?

JIBU: Usimfuate. Barua kwa kampuni haisimamishi muda wa mahakama hata kwa saa moja, na huyo wa pauni 150 hutamwona hukumu ikishatoka.

Hesabu yako ni hii. Hati kama yako inahesabiwa kuwa imekufikia siku ya 5 baada ya kutolewa, yaani 10 Novemba, hata kama bahasha ilikaa mlangoni bila kufunguliwa. Kuanzia hapo una siku 14, mwisho 24 Novemba. Ukiwasilisha fomu ya kukiri kupokea (unakiri kwamba hati imekufikia, si kwamba unadaiwa) ndani ya siku hizo, muda wa kuleta utetezi unakuwa siku 28 tangu 10 Novemba, yaani hadi 8 Desemba. Si 14 ukajumlisha 28. Wengi wanapotelea hapo. Fomu unaijaza mtandaoni kwa nywila iliyochapwa kwenye hati yako. Weka alama kwamba unapinga dai lote, na kisanduku cha utetezi kiache kitupu kwa sasa. Siku ya mwisho usivuke saa kumi jioni.

Sasa huo mkataba wa wino. Uvumi huu una mzizi, na ndiyo maana haufi. Sheria ya Mikopo ya Wateja ya 1974 ilikuwa na kifungu cha 127(3): bila waraka uliosainiwa wenye masharti ya lazima, mahakama haikuwa na ruhusa ya kulazimisha ulipaji. Kifungu hicho kilifutwa kwa mikopo iliyofungwa kuanzia 6 Aprili 2007. Kama kadi yako ni ya kabla ya tarehe hiyo, una hoja ya kuchunguzwa na mtu anayejua. Kama ni ya baadaye, umeuziwa sheria iliyokwisha kufa.

Kilichobaki ni kifungu cha 78. Ukiandika na kulipa pauni 1, mdai anatakiwa kukupa nakala ya mkataba ndani ya siku 12 za kazi, na asipoitoa hawezi kulazimisha deni mpaka aitoe. Lakini tangu kesi ya Carey dhidi ya HSBC mwaka 2009, nakala hiyo inaweza kutungwa upya kutoka kwenye kumbukumbu za benki, na haihitaji kuwa na sahihi yako. Tena mahakama haijui kwamba umeandika barua. Kwenye faili lake inaona kitu kimoja tu: mdaiwa kajibu au hajajibu. Hujajibu? Mdai anaomba hukumu, karani anaipitisha bila jaji kusoma lolote. Kwa hiyo omba nakala hiyo kama unaitaka, uandike barua mwenyewe, na fomu ya mahakama uipeleke palepale.

Utetezi wenyewe ndipo barua za kunakili zinapoharibu kazi. Kanuni za Mwenendo wa Madai, zinazotumika tangu Aprili 1999, zinakutaka upitie kila aya ya mdai na kusema moja kati ya matatu: nakubali; nakataa, na sababu ni hii; au sina ufahamu nalo, mdai athibitishe. Jambo usiloligusa kabisa linaweza kuhesabiwa kuwa umelikubali. Kurasa sita za Magna Carta, hati ya kale ya mfalme wa England ya mwaka 1215 ambayo barua hizo hupenda kuinukuu, hazigusi aya hata moja. Na kwa wanaopenda kuitaja ibara yake ya 61 kama haki ya kutotii mamlaka: iliondolewa toleo lilipotolewa upya mwaka 1216, mwaka mmoja tu baada ya kutiwa muhuri.

Kama unategemea deni kupitwa na wakati, liandike wazi kwenye utetezi, kwa sababu jaji hatakukumbushia. Kwa mkataba wa kawaida ni miaka 6. Kwa kadi ya benki usihesabu kutoka malipo ya mwisho tu. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2019, katika kesi ya Doyle, kwamba muda unaanza pale notisi ya kushindwa kulipa (barua rasmi ya mkopeshaji inayokupa siku za kulipa ulichochelewesha) inapokwisha muda wake. Malipo madogo, au barua yenye sahihi yako inayokiri deni, yanaanzisha upya miaka hiyo kama haijaisha. Haya ni ya England na Wales. Scotland wana sheria yao.

Na kama deni ni lako kweli? Basi jaza fomu ya kukubali, eleza mapato na matumizi, pendekeza kiasi cha kila mwezi, na uitume kwa mdai. Hilo halina aibu. Dai lisilozidi pauni 10,000 kwa kawaida huenda kwenye njia ya madai madogo, ambako mnapigiwa simu ya usuluhishi isiyo na malipo kwanza, na anayeshindwa kwa kawaida habebeshwi gharama za wakili wa upande wa pili zaidi ya zile zilizopangwa.

Hukumu ikishatoka kwa kutojibu, kuitengua ni kazi nyingine. Ada ya maombi inapita pauni 300 (wa kipato kidogo anaweza kuomba msamaha), na lazima uonyeshe kwamba utetezi wako una matumaini ya kweli ya kushinda na kwamba ulichukua hatua haraka. “Sikuiona barua” peke yake mara nyingi haitoshi. Mdai anaruhusiwa kutuma kwenye makazi yako ya mwisho anayoyajua, ilimradi hana sababu ya kuamini umehama. Ukienda Mombasa miezi miwili bila mtu wa kufungua posta yako, siku zinakwenda vilevile. Hukumu inakaa kwenye daftari la umma la hukumu miaka 6. Ukilipa yote ndani ya mwezi mmoja inafutwa, ukichelewa inaandikwa tu kwamba imelipwa.

Kuhusu hawa wasaidizi wa WhatsApp, ninaowaona nyuma ya kila faili la aina hii: kwa Sheria ya Huduma za Kisheria ya 2007, kuendesha kesi ya mtu mwingine ni kazi ya walioidhinishwa, na asiyeidhinishwa akiifanya anatenda kosa la jinai. Rafiki anaweza kukaa pembeni yako, kuandika na kukunong’oneza. Kusaini nyaraka kwa niaba yako hawezi, na kusema mbele ya jaji kwa kawaida hawezi bila ruhusa, isipokuwa kwenye usikilizaji wa madai madogo na wewe mwenyewe ukiwepo. Tamko la ukweli chini ya utetezi linabeba jina lako. Ukisaini uongo alioutunga yeye, wa kujibu shitaka la kudharau mahakama ni wewe.

Kuna jambo ambalo hawa hawalijui kamwe. Maelezo ya shahidi yanatakiwa yaandikwe kwa lugha ya shahidi mwenyewe. Kama Kiingereza chako si cha kueleza kesi, maelezo yako yawe ya Kiswahili, tamko la ukweli nalo la Kiswahili, kisha yawasilishwe pamoja na tafsiri na uthibitisho wa mfasiri. Jaji akigundua kwamba umesaini Kiingereza usichokielewa, ushahidi wako unaweza kukataliwa wote.

Kabla ya kutoa senti, muulize namba yake ya usajili, uitafute mwenyewe kwenye daftari la mawakili mtandaoni. Ushauri wa bure upo Citizens Advice na kwenye vituo vya sheria. Nenda na bahasha pia, si karatasi za ndani tu.