Data za wagonjwa huvuka mpaka kabla hujabonyeza "tuma"

Swali la msomaji mmoja anayesoma shahada ya uzamili lilikuwa fupi: "Nimeshafuta majina yote. Sasa naweza kumtumia msimamizi wangu wa Ujerumani faili?" Bado. Na kama alikusanya data kwa tableti, huenda zilishatoka Tanzania siku ya kwanza ya dodoso, hata kabla hajafikiria kumtumia mtu yeyote.

Angalia kwanza seva iko wapi. Anayefungua akaunti ya KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu ya dodoso, huchagua kati ya seva ya kimataifa, ambayo iko Marekani, na ile ya Umoja wa Ulaya. Jioni tableti zikipata mtandao, majibu ya wagonjwa yanakwenda huko moja kwa moja. Google Drive nayo ni hivyo hivyo, na viambatisho vya barua pepe pia. Hata REDCap, programu ya kutunza data za utafiti, ikiwa imefungwa kwenye seva ya chuo hapa hapa Dar es Salaam, haikuokoi ukimpa mwenzako wa Heidelberg, Ujerumani, nywila ya kuingia. Faili halijasogea, lakini macho yanayolisoma yako nje. Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data huhesabu kusoma kwa mbali kuwa ni kuhamisha data, na ni busara nasi tulichukulie hivyo. Kwa hiyo mahali pa seva na orodha ya watakaoingia vinaandikwa kwenye andiko la utafiti, kabla ya mshiriki wa kwanza kuhojiwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya na za vinasaba zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, na kifungu cha 30 kinataka ridhaa ya maandishi kabla ya kuzichakata. Vifungu vya 31 na 32 vinahusu kuzipeleka nje ya nchi, na kanuni za 2023 zinamtaka mkusanyaji aombe kibali cha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, maana wanadhani kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kimemaliza kila kitu. NIMR inaangalia maadili ya utafiti, na inataka mkataba wa kuhamisha data, ule ambao watafiti wote wanauita DTA. Tume inaangalia haki za mwenye taarifa. Ni milango miwili, na ufunguo wa mmoja haufungui mwingine. Kumbuka pia kwamba kibali cha maadili hudumu mwaka mmoja. Ukituma data mwezi wa kumi na nne bila kukihuisha, umetuma bila kibali.

Fomu ya ridhaa ndiyo inayoua miradi mingi. Fomu nyingi zina sentensi moja tu: "Taarifa zako zitatunzwa kwa siri." Mshiriki akiisoma hiyo anaelewa kwamba taarifa zake zinabaki kwenye kabati la hospitali. Andika wazi: "Taarifa zako, bila jina lako, zitapelekwa kwa watafiti wa chuo kikuu nchini Ujerumani. Zitatunzwa huko miaka 10 na zitatumika kwa utafiti wa malaria tu. Unaweza kukataa zisitoke nchini na bado ukashiriki." Taja chuo kwa jina lake. Weka sehemu ya sahihi ya peke yake kwa ajili ya kifungu hicho, ili anayekubali kuhojiwa asihesabiwe kuwa amekubali na taarifa zake zisafiri. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mtu wa timu yako. Kisha kwenye dodoso weka safu ya NDIYO/HAPANA ya kuhamisha data, uitumie kuchuja faili siku ya kutuma. Fomu ikishakosewa, dawa ni kurudi kwenye kamati kuomba marekebisho, na mara nyingi kuwatafuta washiriki upya, wengine wakiwa wameshahama.

Sasa hayo majina yaliyofutwa. Katika miaka ya 1990, Latanya Sweeney alimtambua gavana wa Massachusetts, William Weld, ndani ya data za hospitali zisizo na majina kwa kuzilinganisha na daftari la wapiga kura. Tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta vilitosha. Hiyo ni Marekani. Kwetu mambo ni mepesi zaidi: katika kijiji cha watu 3,000, mama aliyejifungua watoto watatu mwezi Machi anajulikana na kila mtu kisimani. Orodha ya Kimarekani ya vitambulisho 18, yaani mambo yanayoweza kumtambulisha mtu, ambayo wadau wa nje hupenda kukutumia, haikuandikwa kwa ajili ya kitongoji chako. Haitaji jina la balozi wa nyumba kumi, ukoo, wala kabila la watu wachache. Namba ya kadi ya CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, nayo hubeba ndani yake msimbo wa mkoa, wilaya na kliniki, basi kubadilisha jina ukaiacha namba hiyo ni kazi bure.

Katika REDCap, weka alama ya kitambulisho kwenye kila safu husika tangu unapojenga dodoso. Unapotoa faili, chagua kuondoa safu hizo, kuondoa maelezo huru, kuficha namba ya rekodi na kusogeza tarehe. Programu humsogezea kila mshiriki tarehe zake zote kwa idadi moja ya siku, kati ya 0 na 364, hivyo muda kati ya ziara na ziara haubadiliki. Lakini kama unachunguza malaria na misimu ya mvua, usogezaji huo utaharibu uchambuzi wako. Hapo bakisha mwezi na mwaka, uondoe siku.

Alama za GPS usizitume zilivyo. Mpango wa DHS, ule wa tafiti za kaya kuhusu idadi ya watu na afya, husogeza alama za vituo vyake vya sampuli vya mjini hadi kilomita 2 na vya vijijini hadi kilomita 5, na asilimia 1 ya vya vijijini hadi kilomita 10. Ni kipimo kizuri cha kuanzia. Umri wa miaka 90 na kuendelea uweke kundi moja. Kisha panga jedwali la kijiji, umri, jinsia na ugonjwa. Kisanduku chochote chenye watu chini ya 5, unganisha vijiji au panua makundi ya umri. Maelezo huru yasomwe na binadamu, mstari kwa mstari, kwa sababu muuguzi huandika "mke wa mwalimu mkuu" bila kufikiri. Picha za simu hubeba mahali zilipopigwa. Faili la Excel hubeba safu zilizofichwa, basi zifichue uzifute kwanza, kisha tuma CSV, faili la maandishi matupu. Ufunguo unaounganisha namba na majina ubaki Tanzania, kwenye kompyuta nyingine kabisa. Na hata baada ya yote hayo, maadamu ufunguo upo, wewe unayeushika bado una taarifa binafsi mikononi, na vibali vinakuhusu.

Mshirika wa Ulaya atakuletea vifungu vya mfano vya mkataba vilivyotolewa na Kamisheni ya Ulaya Juni 2021, akisema ukisaini mambo yamekwisha. Soma vizuri. Vifungu vile vinalinda data zinazotoka Ulaya, si zinazotoka Dar es Salaam. Havichukui nafasi ya DTA wala kibali cha Tume. Umuhimu wake unakuja wakati wa kurudi: data za wagonjwa wako zikishachakatwa Ujerumani, sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, GDPR, inazishika, na kuzirejesha kwako kunahesabiwa kuwa ni kuzipeleka nchi ya tatu, yaani nje ya Ulaya. Kama wao wanazichakata kwa niaba yako, moduli ya nne ya vifungu hivyo ndiyo iliyotungwa kwa hali hiyo. Isainiwe siku moja na DTA. Inauma kuona mtafiti wa Kitanzania akiambiwa kwamba sheria haimruhusu kurudishiwa data alizozikusanya mwenyewe kwa miguu.

Aliye Kenya aongeze jambo la muda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka tathmini ya athari iwasilishwe kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kuanza uchakataji, na kwa taarifa nyeti kifungu cha 49 kinataka ridhaa ya mhusika pamoja na uthibitisho wa kinga zinazofaa.

Wakati mwingine data hazina haja ya kusafiri. Mshirika atume msimbo wa R, lugha ya programu ya takwimu, wewe uuendeshe hapa na kurudisha majedwali. Programu ya DataSHIELD hufanya hivyo kwa vituo vingi kwa pamoja. Matokeo nayo yakaguliwe visanduku vidogo kabla hayajatoka.

Kwa msomaji wetu, Jumatatu aende na andiko lake na fomu ya ridhaa kwa katibu wa kamati ya maadili ya chuo. Kama fomu haitaji Ujerumani, aombe marekebisho kabla ya kugusa DTA. Na aangalie leo leo akaunti yake ya Kobo iko kwenye seva ipi.