Flashi ya uokoaji: kwa nini sasa naanza na vi

Kosa lilikuwa langu. Nilibadilisha diski ya pili kwenye seva ya ofisi moja ninayoihudumia, nikasahau kwamba mstari wa /home (folda za watumiaji) ndani ya /etc/fstab, faili linaloiambia Linux ipachike diski gani inapowaka, bado unataja UUID (namba ya utambulisho) ya diski ya zamani. Umeme ulipokatika na kurudi, mashine ikasubiri sekunde 90, kisha ikagoma na kudai nenosiri la root (msimamizi mkuu), ambalo hakuna aliyelikumbuka.

Sikuhangaika. Mfukoni nilikuwa na flashi niliyoitengeneza mwenyewe: kerneli (kiini cha Linux), BusyBox (programu moja yenye amri nyingi ndogo) na kihariri cha maandishi cha nano, kwa kuwa nano ndiyo niliyoizoea. Nikawasha mashine kwa flashi, nikaiweka diski kwenye /mnt, nikaita nano. Jibu: "Error opening terminal: linux."

Nilikuwa nimenakili nano pamoja na maktaba zote zilizoonyeshwa na ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazitegemea. Ila ldd haikutajii terminfo, yale mafaili madogo yanayoiambia ncurses (maktaba ambayo nano huitumia kuchora skrini) skrini yako inaelewa amri gani. Yakikosekana, nano haifunguki hata kama yenyewe ni nzima. Kilichoniokoa ni sed, amri ya kubadilisha maandishi bila kufungua kihariri, iliyokuwa tayari ndani ya BusyBox:

sed -i '/home/s/^/#/' /mnt/etc/fstab

Amri hiyo iliweka # mbele ya mstari wa /home ili upuuzwe, na seva ikawaka. Lakini sed haikuonyeshi unachokigusa, na jasho lilinitoka.

Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza kuhusu kihariri chochote ni hili: kinategemea nini? Vi ya BusyBox (kihariri kingine cha maandishi) haihitaji terminfo, na BusyBox ikijengwa bila kutegemea maktaba za nje, ni faili moja tu. Si ajabu: Bruce Perens aliianza mwaka 1995 ili diski ya uokoaji na ya kusakinisha Debian (aina mojawapo ya Linux) itoshe kwenye flopi moja. Andika busybox peke yake uone orodha ya amri zake, maana matoleo mengine hayana vi.

Najua vi inaudhi. Jifunze i ya kuanza kuandika, Esc ya kuacha, :wq ya kuhifadhi na kutoka, :q! ya kukimbia. Kibodi yenye Esc mbovu (nimekutana nayo) inakubali Ctrl na [.

Ed, kihariri cha tatu, nayo naiweka, kwa siku skrini ikivurugika au ukiwa kwenye waya wa serial (unaoongea na mashine kwa maandishi tu). Inafanya kazi mstari kwa mstari, na ukikosea inakujibu "?" tu.

Nano sijaitupa. Kuna siku utamwelekeza mtu kwa simu, na nano huandika amri zake chini ya skrini. Ila sasa ina faili lake, terminfo/l/linux.

Na flashi haiingii mkobani kabla sijaiwasha kwenye mashine nyingine, nikahariri faili moja, nikatoa diski kwa umount, nikawasha upya na kuangalia kama badiliko lipo.