Maswali ya Wasomaji: Santuri ya Zamani au Toleo Jipya?

SWALI: Bwana Mhariri, ninayo santuri chakavu ya Kreator, bendi ya roki nzito ya Ujerumani, "Pleasure to Kill", ya mwaka 1986, na rafiki yangu wa Kamalondo ananiuzia toleo la 2017. Je, ni albamu ileile? Msomaji, Lubumbashi.

JIBU: Ndugu msomaji, rekodi ni ileile waliyoifanya vijana wa Essen, mji uliokuwa wa makaa ya mawe kama wetu ulivyo wa shaba, wakiwa na mtayarishaji Harris Johns. Mwaka 2017 sauti ilisafishwa na kusawazishwa upya, lakini gitaa na ngoma hazikupigwa tena. Nunua ikiwa yako imekwaruzika. Ila ile ya kwanza (mimi hupenda ukali wake) usiigawe.