Maswali na Majibu: Wakaao Chini ya Mlima Hula Nini?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ndiye msimulizi wa kikundi cha watu watano tunaocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kubuni hadithi pamoja kwa kurusha dadu, kwa Kiswahili kila Jumamosi jioni. Katika hadithi yetu wamo watu wafupi wanaoishi chini ya mlima, ambao mpaka sasa nimewaita mbilikimo, pamoja na mazimwi wanaoishi bondeni. Wenzangu wanalalamika kwamba mbilikimo wangu wote wana hasira na uroho wa dhahabu, na mazimwi wote ni waovu, kwa hiyo wakikutana nao hawana la kuuliza, wanarusha dadu tu. Nitawapaje viumbe hawa utamaduni unaoaminika? (Msimulizi, Mombasa)

JIBU: Ndugu Msimulizi, kasoro hiyo umeirithi. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson wauchapishe mchezo huo Marekani mwaka 1974, vitabu vyake vilizoea kueleza mwenendo wa jamii nzima kwa neno moja au mawili, kana kwamba uovu huzaliwa nao mtu kama vile pua. Kanuni za mwaka 2024 ziliacha neno la Kiingereza lenye maana ya mbari, zikachukua lenye maana ya spishi. Ni hatua njema, lakini neno jipya halitakuambia watu wako wanakula nini, na hapo ndipo ningependa uanzie.

Chini ya mlima hapaoti mtama. Kama watu hao hawana mashamba, basi nafaka yao inatoka kwa mtu, na jirani aliye karibu ni zimwi wa bondeni. Wanayemdharau ndiye anayewalisha, na huenda zimwi naye hana jembe ila lile lililofuliwa mlimani. Hapo wachezaji wako wana la kuuliza: nani anapanga bei, mizigo inapokewa mlango gani, na mwaka wa ukame inakuwaje? Kisha tazama saa. Sisi huhesabu kuanzia mapambazuko, ndiyo maana saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga. Asiyeliona jua atahesabu kuanzia pale tanuri linapowashwa, na mgeni akimwambia wakutane saa tatu, atauliza ni saa tatu tangu nini.

Umri nao una mambo makubwa. Kanuni zenu huwapa watu hao miaka 350 hivi ya kuishi, maana yake deni ambalo kwa zimwi ni habari ya babu wa babu yake, kwa mtu wa mlimani ni fedha alizokopesha kwa mkono wake mwenyewe, na mashahidi wangali hai. Ule mnaouona kuwa uroho na hasira unaweza kuwa kumbukumbu tu. Sikusihi uwaondolee tabia hiyo; nasema uipe chanzo, kisha umweke mmoja wao ambaye amesamehe deni na kwa sababu hiyo nduguze hawasemi naye.

Kuhusu uadui wa zamani, tuna mfano karibu. Wahehe na Wangoni walipigana vita katika karne ya 19, na leo ni watani, na mtani huweza kuzuia maziko kwa mzaha mpaka apewe kitu. Hebu fikiria wachezaji wako wamehudhuria msiba mlimani, mara zimwi anaingia akimtukana marehemu, na wafiwa, badala ya kushika shoka, wanatafuta sarafu za kumpa.

Limebaki jambo la lugha. Umeandika “mazimwi wanaoishi”, hukuandika “yanayoishi”, na pengine hukugundua kwamba tayari umewapa utu. Itumie tofauti hiyo: mtu wa mlimani mwenye kiburi aseme “zimwi limekuja”, na mwanawe aliyekulia sokoni aseme “amekuja”. Jina la mbilikimo, hata hivyo, liache. Limetumika muda mrefu kuwaita watu halisi wa misitu ya Kongo, wakiwemo Wambuti, na huwaudhi pia wenzetu wenye kimo kifupi. Ukiwaita Wajabali, viambishi vyetu vitakupa papo hapo Kijabali, lugha yao, na Ujabali, nchi yao, na kwa watu wafupi jina hilo lina kichekesho chake.

SWALI: Je, ninaweza kuichukua sherehe ya Mwaka Kogwa, ile ya mwaka mpya kule Makunduchi, kama ilivyo na kuwapa watu wa msituni wenye masikio marefu katika mchezo wetu? (Mchezaji, Unguja)

JIBU: Kama ilivyo, hapana, kwa sababu mezani itaonekana Makunduchi iliyovalishwa masikio marefu. Chukua kazi inayofanywa na sherehe hiyo: watu hupigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka unaokwisha kisivuke kuingia mwaka mpya, kisha kibanda huchomwa moto. Sasa jiulize watu wako watapigana kwa kitu gani ikiwa msituni kwao hapana mgomba, na kama wanauogopa moto kuliko kitu chochote, watakifanya nini kibanda badala ya kukichoma. Mimi ningewaacha wakitose mtoni.