Kupiga gitaa Forodhani: hesabu ya daftari langu

Kila baada ya wiki mbili tatu hunijia kijana wakati nafunga begi la gitaa pale Bustani ya Forodhani, Zanzibar. Anasubiri wageni watawanyike, anaziangalia noti ninavyozikunja, halafu anauliza kwa sauti ya chini: "Kaka, hii kitu inalipa?" Zamani nilikuwa najibu "inategemea", jibu ambalo halimsaidii mtu yeyote. Siku hizi namtolea daftari.

Daftari lenyewe ni la shule, la kurasa 96, na nimeandika humo kila jioni niliyokaa barabarani. Chukua Julai moja, mwezi mzuri, kusi inavuma na wageni wamejaa Mji Mkongwe. Nilipiga siku 22, kama saa tatu kila jioni, jumla saa 66. Begini ziliingia shilingi 418,000. Ukiishia hapo utasema kumbe pesa ipo. Toa seti mbili za nyuzi, 50,000. Toa nauli, maji na chakula cha jioni, 4,000 kwa siku, hiyo ni 88,000. Zikabaki 280,000, na sikuwa peke yangu, nilikuwa na mwenzangu wa dumbak, ile ngoma ndogo ya taarabu, kwa hiyo kila mmoja 140,000. Gawanya kwa saa 66. Ni shilingi 2,100 na kidogo kwa saa. Sasa fungua Aprili, masika imekolea, hoteli nyingi zimefungwa: siku tisa, shilingi 41,000 kabla ya kutoa chochote.

Lakini pembeni ya ukurasa ule wa Julai nimeandika kwa wino mwekundu: "hoteli ×3". Ni watu watatu waliosimama, wakasikiliza, wakachukua namba, wakaniita. Kila usiku mmoja 60,000 yangu mwenyewe. Usiku tatu ulinipa 180,000, zaidi ya mwezi mzima wa kukaa ukutani. Kwa hiyo anayetaka jibu la pesa, jibu ndilo hilo: begi linalipa nauli, namba ya simu inalipa kodi. Andika jina na namba kwenye kibao, herufi kubwa, uweke mbele ya begi. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na kibao. Sijui ni shoo ngapi zilipita.

Kuhusu begi lenyewe, mambo machache ya haraka. Usilifungue tupu, tia mbegu, noti mbili za 2,000 na sarafu kidogo. Ukitia ya 10,000 watu wanaona umeshashiba, na vijana wa mkono mwepesi wanaona vilevile. Noti kubwa ikiingia, malizia wimbo, iondoe. Sarafu za yuro zitakuja nyingi na bureau hazipokei, wanataka noti tu, kwa hiyo zikusanye kwenye chupa mpaka umpate mgeni anayerudi kwao kesho akubadilishie. Dola chakavu na za matoleo ya zamani zitakusumbua hivyo hivyo. Na weka lipa namba, kwa ajili ya wenyeji, maana wenyeji wanatoa kuliko unavyodhani. Ila hawapendi kutoa mbele za watu.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Usianze kwa kupiga ndipo uulize. Jitambulishe kwake, jitambulishe kwa walinzi wa bustani, jitambulishe kwa wauza chakula, kwa sababu ni wao utakaowazibia njia wateja. Mimi siku ya kwanza nilikaa mbele ya meza ya mzee wa mishikaki, spika imemwelekea yeye. Hakunifukuza. Alinisogezea moshi.

Na jambo la adhana halihitaji maelezo marefu. Jua linazama, wageni wametoa simu, ndiyo saa yako nzuri kuliko zote, na hapo hapo magharibi inaadhiniwa. Unanyamaza. Misikiti ya Mji Mkongwe haianzi pamoja, mmoja unamaliza mwingine unaendelea, kwa hiyo usikimbilie nyuzi uliposikia wa kwanza umekata. Mimi huzima spika kabisa, naenda zangu kuswali au nakaa, narudi baada ya nusu saa. Ramadhani sipigi hata siku moja, na hata vikundi vya taarabu tangu zamani mwezi huo hufunga vyombo. Anayekuja kutoka bara apange pesa yake akijua kuna mwezi huo, na kuna masika.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niandike haya, maana pesa kila mtu atakuhesabia.

Nilikuwa na mwaka wa pili pale. Nimeshazoea, najua wimbo gani unamsimamisha Mtaliano na upi unamsimamisha mtu wa Temeke aliyekuja na boti ya mchana. Jioni moja mvua imetukusanya chini ya turubai la muuza juisi ya miwa, jirani yangu wa kila siku. Anakamua miwa yake na ndimu na tangawizi, hana haraka, akaniuliza: "Ebu nambie, ule wimbo wako wa mwanzo, hivi huishaje?"

Nikacheka. Nikafungua mdomo nimwimbie mwisho wake, ukakataa kuja. Nilikuwa na kianzio, nilikuwa na kiitikio, nilikuwa na zile sekunde thelathini za kucharaza kwa vidole zinazotoa watu simu mfukoni. Mwisho sikuwa nao. Yule bwana alikuwa amenisikia jioni zaidi ya mia, na hakuwahi kusikia wimbo wangu ukifika mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nafika. Watu wakianza kuondoka, nilikuwa nakata, naingia mwingine.

Fikiri muziki wa dansi ulivyojengwa. Unaanza taratibu, mwimbaji anatoa kisa chake, kiitikio kinakuja, ndipo dakika ya nne au ya tano gitaa la solo linachemka na watu wanaingia uwanjani. Sehemu hiyo ndiyo sebene, na ni malipo ya uvumilivu wako. Barabarani hakuna mvumilivu. Kwa hiyo unaanza na sebene. Unampa mtu utamu akiwa bado anatembea, na ukishampa huna pa kumpeleka. Ukifanya hivyo miaka miwili, kila jioni, vidole vinajifunza kwamba wimbo ni mwanzo tu.

Linganisha na kutunzwa kwenye taarabu. Pale watu wameketi, bashraf, ule muziki wa ufunguzi usio na maneno, imepigwa, mwimbaji anapanda, ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka neno fulani limguse mama fulani, anyanyuke na noti yake akatunze, na mwenye kujua anajua neno lile linakwenda kwa nani. Pesa ile imetoka kwa sababu ya maana, na maana imechukua muda kufika. Pesa ya barabarani hutoka kwa mshangao. Zote ni pesa halali, zote nazila. Lakini hazikufundishi muziki mmoja.

Nililipia hilo somo hotelini. Shoo yangu ya kwanza ya saa nzima, watu wamekaa kwenye viti, hawana pa kwenda, wamelipia chakula. Nikapiga kila nilichonacho. Nilipoangalia saa zilikuwa zimepita dakika 25. Nilianza upya kutoka wimbo wa kwanza, nikijifanya ni wimbo mwingine kwa kuusogeza kapo, kile kibanio cha shingoni mwa gitaa. Meneja hakusema kitu, ila hakuniita tena.

Kuna mfano maarufu wa Joshua Bell, mpiga fidla wa Marekani. Asubuhi ya tarehe 12 Januari 2007, kwa mpango wa gazeti la Washington Post, alisimama kwenye kituo cha treni cha L'Enfant Plaza jijini Washington, amevaa kofia ya kawaida, mkononi ana fidla ya Stradivarius ya mwaka 1713. Akapiga dakika 43. Walipita watu 1,097. Waliosimama angalau dakika moja ni saba. Ukitoa dola 20 za mama mmoja aliyemtambua, begi la fidla lilikuwa na dola 32 na senti 17. Wengi huusimulia mkasa huu kulaumu wapita njia, eti dunia haina masikio. Mimi nawatetea wapita njia. Saa moja na dakika hamsini asubuhi, mtu anakimbilia kazini, umwambie asimame asikilize Bach? Hata wewe ungepita. Pale kosa ni la saa na mahali, na ndiyo maana nawaambia Darajani asubuhi msipige, kila mtu ana kapu la soko mkononi na mawazo ya bei ya samaki. Kinachonigusa mimi kwenye kisa kile ni kingine: Bell alieleza kwamba nyakati ngumu zilikuwa pale kipande kinapoisha na hakuna kinachotokea. Hakuna makofi, hakuna hata mtu wa kuona kwamba kimeisha. Fundi mkubwa namna ile, na ukimya ule ulimbana. Sisi wengine tunauepuka kwa kutomaliza kabisa.

Kwa upande wa pili wako Staff Benda Bilili wa Kinshasa, wengi wao walemavu wa polio, wakipiga mitaani juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu, na kijana wao Roger akipiga satonge, ala ya waya mmoja aliyoitengeneza kwa kopo. Albamu yao ya 2009 ilirekodiwa nje, kwenye viwanja vya bustani ya wanyama ya Kinshasa, na baada ya hapo wakazunguka Ulaya. Watu husema "waliokotwa barabarani". Sikiliza zile nyimbo vizuri. Zina sauti zilizopangwa, zina mapito, zinapanda na kushuka. Mahali fulani wale watu walikaa wakafanya mazoezi ya wimbo mzima, mbali na kapu la sarafu.

Baada ya juisi ya miwa nilibadili utaratibu. Siku nne za wiki barabarani, sio sita. Siku mbili nyumbani Fuoni, mlango umefungwa, na sheria moja: hakuna kuanza wimbo usiomaliziwa. Wiki ya kwanza nilipiga nyimbo tatu tu kwa saa mbili. Ilichosha kuliko Forodhani siku ya sikukuu. Na barabarani kwenyewe nikajiwekea kwamba kila jioni, hata watu wakiondoka wote, hata abaki paka, wimbo mmoja utafika mwisho. Mapato hayakupungua kama nilivyoogopa. Yalipungua kidogo.

Msinielewe vibaya, yako mambo nisingeyajua bila ukuta ule. Wale vijana wa makachu wanaoruka baharini walinifundisha zaidi ya mwalimu yeyote wa jukwaa. Mwangalie mmoja: anapasha, anajinyoosha, anakimbia hatua tatu anasimama, anarudi. Haruki mpaka simu zimeshanyanyuliwa. Nami nikaacha kuuanza wimbo mzito watu wakiwa wawili. Natekenya nyuzi, naweka sawa sauti ambayo iko sawa tayari, nasubiri duara lijae. Nilijifunza pia kuimba juu ya jenereta, kuendelea waya ukikatika, na kumjibu mlevi bila kugombana. Nilijifunza kutofuata mtu. Ukimfuata mgeni na kofia mkononi umeshakuwa papasi, yaani wale wanaowaganda wageni njiani, na hapo hata sheha hakutetei.

Kwa dada zangu mnaouliza: nendeni wawili, sio mmoja, na kaeni karibu na meza ya mtu mnayemjua. Nimeona mwimbaji mzuri sana akiacha baada ya wiki tatu, si kwa sababu ya mapato, kwa maneno ya wapita njia. Sina dawa ya hilo zaidi ya hiyo niliyosema.

Hoteli, neno moja. Ipo moja upande wa kaskazini, siitaji, tulipiga usiku nne kwa ahadi ya kulipwa "mwisho wa wiki". Mwisho wa wiki tukaambiwa video zetu zimetutangaza, hayo ndiyo malipo. Tangu siku hiyo napokea pesa kila usiku, na waya wa spika siukunji mpaka ziwe mkononi.

Vyombo: chumvi ya bahari na jasho vinakula nyuzi, pangusa kwa kitambaa kikavu kila baada ya wimbo wa tatu au wa nne, na gitaa la bei usilitoe kabisa. La kwangu la Forodhani limepasuka ubavuni, nimeliziba kwa gundi ya mbao, linatosha.

Kama unataka kujaribu, njoo kabla ya saa kumi na moja. Jumamosi upande wa baharini huwa na wapiga ngoma, usishindane nao, hutasikika. Februari, wiki ya Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004 hapo hapo Ngome Kongwe, mimi hupiga kidogo na kusikiliza sana, mji unakuwa na masikio mengine. Ukimkuta muuza juisi wa miwa, msalimie, kaa karibu naye siku mbili tatu. Usimwambie nimekutuma. Mwache akusikilize, atauliza mwenyewe.