Neno "work" kwa mfasiri anayeanza

Wenzangu mnaoanza kufasiri nyaraka hapa Mtwara, neno la Kiingereza litakalowaponza mapema ni "work", kwa sababu kila mmoja wetu anaamini kwamba alimalizana nalo tangu shule ya msingi.

Mimi liliniponza mwaka wangu wa kwanza, katika tangazo la mradi wa barabara. Niliona "works", nikaandika kwamba kazi zingeanza mwezi uliofuata, na siku ilipowadia vijana wakajaa kwenye ofisi ya kijiji wakiwa na vyeti vyao mkononi. Hawakukosea wao. Katika lugha ya zabuni neno hilo hutajwa sambamba na bidhaa na huduma, na maana yake ni ujenzi. Ndiyo maana wizara ambayo Waingereza wangeiita kwa neno hilohilo, sisi tunaiita Wizara ya Ujenzi. Penginepo "works" ni kiwanda, au ni maandishi yote ya mtunzi mmoja.

Tazameni pia kama neno limetanguliwa na "a". Jasho la mchongaji wa Kimakonde ni "work" tu, lisilohesabika, lakini kinyago alichokimaliza ni "a work", yaani kazi ya sanaa.

Katika vitabu vya fizikia vya sekondari, "work" ni kani ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Mpagazi akiinua gunia la korosho la kilo 50 hadi urefu wa mita 1, amefanya kazi ya jouli 500 hivi. Lakini akisimama nalo kichwani saa nzima akisubiri zamu ya mizani, kwa hesabu hiyo gunia halijafanyiwa kazi yoyote, hata shingo ikimuuma. (Msijaribu kumweleza mwenyewe.) Hapo "kazi" ndilo neno sahihi, ila mfasiri aongeze maelezo.

Mtenda akiwa kitu, "kufanya kazi" huifaa mashine kuliko dawa. Mkulima aliyepuliza salfa kwenye mikorosho asipoona nafuu, ripoti ya Kiingereza itasema "it did not work". Nami huandika kwamba salfa haikuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kwa kuwa hilo ndilo alilotaka kulijua.