Luger Yangu ya Namba Mbili

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimepata Luger, ile bastola ya Kijerumani, ya 1917, inang'aa kama imetoka kiwandani jana, namba zote zinalingana. Nilipe?" Tumbo likanikata. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, na yalinigharimu.

Wakati huo nilikuwa na bastola mbili tu, Tokarev na Walther PP, na tayari nilijiona bingwa. Muuzaji akaitoa P08, yaani Luger ya jeshi, ya kiwanda cha DWM, kwenye mkoba wake wa ngozi taratibu, kama anafunua mtoto mchanga. Juu ya chemba, pale risasi inapokaa, 1917. Akaanza kunisimulia jinsi babu yake alivyompokonya afisa wa Kijerumani ndani ya handaki, usiku, mvua inanyesha. Nikawa naisikiliza mvua, bastola sikuitazama. Nililipa akiba ya mwaka mzima, na nyumbani nikadanganya kwamba nimepunguziwa bei.

Miezi kumi nilijitapa nayo. Kila mgeni lazima aione. Mpaka alipokuja mzee mmoja aliyeanza kukusanya kabla sijazaliwa, na wenzake wawili. Akahakikisha haina risasi, akaifungua, akalishika lile bamba dogo la ubavuni chini ya taa na kutoa lenzi. Kimya. Kisha akanipa lenzi na mimi. Namba ilikuwa 43, kama inavyotakiwa, maana Luger hubeba tarakimu mbili za mwisho za namba yake karibu kwenye kila kipande kidogo. Lakini chini ya ile 3 palikuwa na mkia mwembamba wa 7 uliopigwa msasa ukagoma kufutika, na chuma pale kimebonyea kidogo kama kovu. "Hii ina namba mbili," akasema. Yaani bamba lilitoka bastola nyingine, likafutwa namba na kugongwa upya. Wenzake wakacheka. Kicheko kile ninacho hadi leo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ushahidi mwingine haukuhitaji hata lenzi. Kwenye Luger za miaka ile, kifyatulio, kitufe cha magazini na wenzo wa usalama vilipitishwa kwenye joto hadi vikapata rangi ya majani makavu. Vyangu vilikuwa vyeusi sawa na bastola nzima. Mtu aliitumbukiza yote kwenye dawa moja. Herufi za DWM nazo zilikuwa zimelika kingo kwa kusuguliwa. Ule mng'ao niliousifia ndio ulikuwa wizi wenyewe.

Nikamrudia muuzaji. "Si ulikagua mwenyewe?" Basi. Tukikutana mnadani hunisalimia kwa bashasha kuliko ndugu zangu.

Kwa hiyo ushauri wangu: soma namba. Soma kabla ya kusikiliza chochote. Kwenye Walther P38 linganisha fremu, slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza) na mtutu. M1911 ya jeshi la Marekani kwa kawaida ina namba kwenye fremu tu, kwa hiyo anayekuapia kwamba namba zake zote zinalingana anakuambia moja ni sawa na moja. Na ukishasoma, soma tena, safari hii kwa lenzi, umbo la tarakimu, siyo tarakimu tu.

Leseni ni kabla ya yote, hilo silijadili. Wala usidhani Luger iliyofunguliwa imekuwa mwanasesere: sehemu ya juu ikiwa imetenganishwa na fremu, na risasi imo chemba, ukibonyeza kijiti kilicho ubavuni mwake risasi inafyatuka. Mkoba wa ngozi uweke kabati moja na bastola, lakini usiivishe. Ngozi hushika unyevu, na dawa zilizoisindika hula chuma. Tokarev yangu ina madoa ya kutu yenye umbo kamili la mshono.

Tatizo lenu vijana, na nilikuwa mmoja wenu, mnataka bastola ya kupigia picha. Mnaikwepa iliyochakaa kihalali, mnakimbilia iliyopakwa. Na mkisikia bastola ya kibiashara, isiyo na muhuri wa jeshi, mnabetua midomo. Mwezi uliopita niliinua mkono mnadani kwa FN Browning ya 1910, imekuwa ya kahawia kwa uzee, kishikio kimoja kina ufa. Ukumbi mzima hakuna aliyeitaka. Rafiki yangu yule wa mvua na handaki akanigeukia, "Kikongwe hicho cha nini?" Sikumjibu. Fremu, slaidi, mtutu: namba moja, mwandiko mmoja, kutu haijaguswa. Bastola ya aina hiyo hiyo, ya kibiashara, ndiyo iliyomuua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, kule Sarajevo mwaka 1914, na sijasema ni hii yangu. Angekuwa yeye ndiye anaiuza, angeshasema.

Mzee naye kaiona. Kaizungusha chini ya taa, karudisha lenzi mfukoni bila kunipa. Kwa mtu kama yule hiyo ni pongezi, na sioni aibu kusema sikulala usiku ule.

Yule msomaji nilimjibu aniletee picha ya bamba la ubavuni, karibu, taa ikipiga kutoka pembeni. Jana usiku kanijibu kwamba picha ya bamba hana, ila malipo ya kwanza ameshatuma, na muuzaji amemsimulia jinsi babu yake alivyoipata.